Kusomea nadharia ya mitandao ya kijamii ngazi ya uzamili na uzamivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Ukurasa huu ni wa waliomaliza shahada ya kwanza TUM (Technical University of Mombasa), Pwani, Nairobi au kwengineko, wakarudi nyumbani, na sasa wanatafuta pa kuendelea. Majibu yana maoni yangu ndani yake, na sikuyaficha. Tarehe na masharti ya vyuo hubadilika kila mwaka, kwa hivyo kabla hujalipa chochote fungua tovuti ya chuo chenyewe.

Nadharia hii inahusu Facebook na TikTok?

Kwa sehemu ndogo. Inahusu nani anamjua nani, nani anamkopesha nani, nani anamsikiliza nani, na jinsi mpangilio wa mahusiano hayo unavyoamua habari, pesa, ugonjwa au fitina itafika wapi na itakwama wapi. Jacob Moreno alikuwa akichora watu kwa vidoti na mistari tangu mwaka 1934, zama ambazo kompyuta hazipo. J. A. Barnes alipolitumia wazo la mtandao wa kijamii kama chombo cha utafiti mwaka 1954, alikuwa akieleza maisha ya wavuvi na wakulima wa Bremnes, kisiwani Norwe. Facebook ni mahali pamoja tu ambapo mahusiano hayo huacha nyayo.

Kama unachokitaka ni matangazo ya mtandaoni na ushawishi wa watu mashuhuri, tafuta programu za mawasiliano au masoko. Huko utasoma unachokipenda, na hutateswa na matriki, yaani majedwali ya namba.

Mbona nikitafuta programu yenye jina hilo sipati kitu cha maana?

Kwa sababu taaluma hii haina nyumba yake. Wenyewe wametawanyika: wako kwenye sosholojia, anthropolojia, usimamizi wa biashara, uchumi, takwimu, fizikia, afya ya jamii na sayansi ya kompyuta. Shahada zenye neno "mitandao" kwenye jina ni chache mno, na nyingine zenye neno hilo zinafundisha nyaya na ruta. Ukiandika kwenye gugo utaletewa masoko ya kidijitali kurasa kumi.

Geuza utafutaji. Usianze na chuo, anza na watu. Chukua makala matatu ya utafiti uliyoyasoma ukatamani ungeyaandika wewe. Tazama walioyaandika wako wapi sasa, maana watu huhama na tovuti za idara huchelewa kusema. Soma shukrani mwishoni mwa makala: mwandishi kijana akimshukuru mtu mmoja mara mbili tatu, huyo mara nyingi ndiye msimamizi wake. Kisha ingia Google Scholar uone nani wamewanukuu watu hao mwaka jana na mwaka juzi. Baada ya wiki mbili za kazi hiyo utakuwa na majina kama kumi na tano, na utaona yanajikusanya mahali pachache. Hapo ndipo pa kuomba.

Halafu hesabu. Chuo chenye profesa mmoja wa mitandao ni hatari: akistaafu, akihamia kwengine au mkikosana, umebaki peke yako katika idara ambayo hakuna anayeelewa unachokifanya. Chuo chenye watatu, hata kama jina lake halijulikani Mombasa, ni bora. Hili ndilo jambo wanafunzi wetu hawalitaki kulisikia, kwa sababu jina kubwa linapendeza kulitaja harusini.

Niombe idara gani?

Idara inayoliuliza swali lako. Hebu tuone pwani yetu yenyewe imetafitiwa na nani.

Beatrice Crona na Örjan Bodin, wote wa Stockholm, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa kijiji cha wavuvi pwani ya Kenya. Waliuliza nani huzungumza na nani kuhusu hali ya bahari na samaki. Walichokiona ni kwamba maarifa huzunguka zaidi baina ya wanaotumia zana moja: wa nyavu na wa nyavu, wa malema na wa malema. Sasa fikiria kikao cha BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi wake, kinachotaka watu hawa wakubaliane kufunga eneo fulani lisivuliwe, na wewe unajua kwamba mazungumzo yao hayavuki zana. Mwaka 2010 Crona na wenzake wakaandika tena, safari hii kuhusu matajiri wa samaki wa Kenya na Zanzibar, wale wanaompa mvuvi mkopo au wavu ili awauzie wao. Mwaka 2019 Michele Barnes na wenzake, kwenye jarida la Nature Communications, wakaonyesha kwa data ya wavuvi wa miamba ya Kenya kwamba pale washindani wa samaki wale wale wanapowasiliana na kushirikiana, miamba yenyewe huwa na hali bora. Hao wote wako kwenye sayansi ya mazingira na jamii. Anayelipenda swali la namna hii aangalie Stockholm Resilience Centre, ambako kuna uzamili wa miaka miwili, na asijisumbue na idara ya kompyuta.

Swali la pesa lina watu wengine. William Jack na Tavneet Suri walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu M-Pesa: kaya isiyoitumia ikipatwa na msiba au ugonjwa, matumizi yake hushuka kwa asilimia 7, kaya inayoitumia haitetereki, kwa sababu watu wengi zaidi huipelekea chochote kutoka mbali. Hao ni wanauchumi. Tanzania, kijiji cha Nyakatoke huko Buhaya, chenye kaya 119, kimechambuliwa na wanauchumi wengi kuliko miji mizima, kwa sababu Joachim De Weerdt aliiuliza kila kaya inamtegemea nani ikipata shida.

Nyanza Kusini, Susan Watkins, Jere Behrman na Hans-Peter Kohler waliwauliza wanawake wanazungumza na nani kuhusu kupanga uzazi, kisha wakafuatilia nani alianza kutumia njia hizo baada ya muda. Hiyo ni demografia. Na Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome waliwapa watu shajara waandike wamekutana na nani kwa siku, ili ijulikane magonjwa ya kupumua yanasambaa vipi. Hiyo ni epidemiolojia.

Swali moja la msingi, milango minne. Mwanafunzi anayeniambia "nataka kusoma mitandao, popote" simwelewi. Anayeniambia "nataka kujua kwa nini mama karanga wa Likoni, kina mama wanaokaanga na kuuza samaki, wanauziwa samaki wa mwisho" keshajua nusu ya anakokwenda.

Kuna pa kusomea hapa Kenya?

Shahada kamili ya fani hii hapa sijaiona ikitangazwa, lakini hilo halikuzuii kuandika tasnifu ya mitandao ndani ya shahada nyingine. Sosholojia Nairobi, sayansi ya data Strathmore, mazingira au afya Pwani, hisabati TUM: popote penye msimamizi anayekubali kuona mahusiano badala ya watu mmoja mmoja. Tatizo la kweli ni kwamba mara nyingi utajifundisha mbinu mwenyewe, na msimamizi atakusaidia kwenye mengine.

Mlango ambao watu wa Pwani wanausahau uko nyumbani: KEMRI-Wellcome Kilifi ina mpango wa mafunzo unaoitwa IDeAL, unaolea watafiti tangu wanapotoka chuoni hadi uzamivu. Nairobi kuna CEMA, kituo cha chuo kikuu kinachounda modeli za magonjwa. Na aliyesoma hisabati au fizikia aitazame AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati yenye vituo Rwanda, Ghana, Senegal, Kameruni na Afrika Kusini. Uzamili wake huja na ufadhili, na ukitoka hapo vyuo vya nje vinakufungulia.

Na nje?

Nitavigawa kwa mwelekeo, si kwa nchi.

Wa sosholojia na anthropolojia: Manchester, kwenye Mitchell Centre. Jina hilo ni la J. Clyde Mitchell, na historia yake inatuhusu. Mitchell, J. A. Barnes (yule wa Bremnes) na wenzao walipata ujuzi wao katika taasisi ya Rhodes-Livingstone, Zambia ya leo, wakitafiti miji ya migodi. Bruce Kapferer alikaa kwenye kiwanda cha zinki Kabwe akiutazama ugomvi wa wafanyakazi wawili: mzee alimlaumu kijana kwa kufanya kazi haraka mno na kuwaharibia wenzake, kijana akajibu kwa tuhuma za uchawi. Kapferer akaonyesha kwamba wenzao walichagua upande kwa kufuata nani amefungamana na nani, na hoja yenyewe haikuwa na uzito mkubwa. Kwa hivyo mtu akikuambia hii ni elimu ya Wazungu wa California, mwambie sehemu nzuri ya mizizi yake iko Kabwe na Ndola.

Wa takwimu na mabadiliko ya mitandao kwa wakati: Groningen, Uholanzi, alikofanya kazi Tom Snijders, aliyeunda modeli na programu ya SIENA. Groningen, Utrecht na vyuo wenza wana taasisi ya pamoja inayoitwa ICS, na uzamili wa utafiti wa miaka miwili ndiyo njia ya kawaida ya kuingilia. ETH Zurich iko maabara ya Christoph Stadtfeld. Australia, Melbourne na Swinburne zimejenga jina kwenye modeli za grafu nasibu, yaani modeli za takwimu za kueleza jinsi mtandao unavyojengeka.

Wa kompyuta na jamii: Linköping, Uswidi, ina uzamili wa sayansi ya jamii ya kikokotozi (kutafiti jamii kwa kompyuta) unaofundishwa Norrköping, pamoja na taasisi ya sosholojia chambuzi iliyoanzishwa na Peter Hedström. Nauona ni chaguo zuri sana kwa aliyesoma sayansi ya jamii akajifundisha msimbo kidogo.

Wa biashara: Kentucky, Marekani, ina kituo cha LINKS ndani ya shule ya biashara, na watu kama Steve Borgatti, mmoja wa waliounda UCINET, programu ya kuchambua mitandao. Ronald Burt, mwenye nadharia ya mianya ya kimuundo, yaani faida ya anayekaa kati ya makundi yasiyojuana, alifundisha Chicago miaka mingi. Anayetaka kuelewa kwa nini dalali anatajirika asidharau shule za biashara.

Wa sayansi ya mitandao yenyewe, yenye fizikia ndani yake: Northeastern, Boston, na CEU (Central European University) iliyohama Budapest kwenda Vienna. Vyote viwili vinatoa uzamivu wenye jina la fani. Duke, Indiana, UC Irvine na Carnegie Mellon nazo zina watu wa kutosha, kila moja kwa ladha yake. Duke ina nguvu upande wa afya.

Nianze na uzamili au niombe uzamivu moja kwa moja?

Marekani, moja kwa moja. Hili linawashangaza watu hapa, lakini programu nyingi za uzamivu kule hupokea mwenye shahada ya kwanza, na zile nzuri hukulipia karo na posho juu yake kwa miaka kama mitano. Uzamili wa kule, kinyume chake, mara nyingi ni wa kujilipia. Ulaya kwa kawaida utahitaji uzamili kwanza.

Hisabati yangu ni ya kidato cha nne. Nitaweza?

Utaweza kuanza. Chukua chama cha kina mama ishirini pale Majengo. Muulize kila mmoja: ukikwama leo, utamwendea nani humu chamani akukopeshe? Majibu unayaweka kwenye jedwali la safu 20 na nguzo 20. Penye jina unaandika 1, pasipo na jina unaandika 0. Jedwali hilo ndilo matriki. Mahusiano yanayowezekana ni 380, maana hakuna anayejikopesha mwenyewe. Kila mmoja akitaja watatu, yametimia 60, na msongamano ni 60 gawanya kwa 380, kama 0.16.

Sasa tazama nguzo moja moja. Mmoja ametajwa na kumi na wanne. Mwekahazina? La, pengine ni muuza viazi karai asiye na cheo chochote. Hapo tayari umegundua kitu ambacho katiba ya chama haikisemi.

Tazama pia hatari yake. Wanachama wawili wakikosekana kabisa kwenye orodha, umepoteza asilimia 10 ya watu. Lakini mahusiano yanayobaki kuonekana ni 306 kati ya 380, yaani umepoteza karibu asilimia 20. Ndiyo maana sampuli ya kawaida ya hojaji, ya kuokota watu huku na kule, haifai hapa, na ndiyo maana kamati ikikuuliza "sampuli yako ni asilimia ngapi?" unahitaji jibu.

Baada ya hapo utahitaji aljebra ya matriki, uwezekano, na regresheni ya lojistiki. Mwaka mmoja wa jioni unatosha, ukiwa na nidhamu.

Programu gani ya kompyuta nijifunze?

R. Ni ya bure, na ndani yake kuna igraph, statnet na RSiena, ambazo ndizo utakazozikuta darasani. Pajek ya Ljubljana ni ya bure na inamudu mitandao mikubwa. Gephi inachora picha nzuri, na hapo ndipo wengi wanakwama: wanaleta pendekezo lenye picha ya rangi saba kama kanga, ukiuliza inathibitisha nini, kimya. Picha ni ya kukusaidia kufikiri. Laptopu ya kawaida inatosha kwa data ya kijiji au soko.

Nimwandikie vipi profesa?

Kwa ufupi, na uonyeshe umesoma. Barua pepe nyingi zinazotoka kwetu zina aya tatu za heshima, zinakisifu chuo chake, kisha zinaomba "nafasi yoyote iliyopo". Hazijibiwi. Iliyojibiwa huwa namna hii, kwa Kiingereza bila shaka:

"Profesa fulani, nimesoma makala yenu kuhusu mawasiliano ya wavuvi wanaoshindana. Naishi Likoni, na hapa matajiri wa samaki hununua kutoka bandari kadhaa, jambo ambalo linaweza kuunganisha wavuvi wasiozungumza wenyewe kwa wenyewe. Nimekusanya data ndogo ya wanunuzi wa bandari moja, nikaichambua kwa R. Nimeambatisha ukurasa mmoja. Je, mnapokea wanafunzi wa uzamivu mwakani?"

Sentensi tano. Umesema umesoma nini, una nini ambacho yeye hana, umeweza nini, unataka nini. Asipojibu wiki tatu, mkumbushe mara moja, kisha endelea na mwengine. Usichukulie vibaya, wanazo barua mia.

Usipuuze wanafunzi wake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakuambia kwa simu yale ambayo tovuti haitayaandika: kama profesa anasoma kazi kwa wakati, kama pesa zinatosha kodi ya nyumba. Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973, kwa kuwahoji waliopata kazi karibu na Boston, kwamba habari za kazi zilitoka zaidi kwa watu wanaofahamiana kijuujuu. Rafiki zako wa baraza moja wanajua unachokijua wewe. Yule mliyesoma naye darasa moja Allidina, akaenda Uholanzi na hamsemezani ila Idi, mpigie.

Pesa je?

Hapa nina msimamo: usiuze shamba la familia kulipia uzamili wa mwaka mmoja nje. Fani hii ina njia nyingi za kulipiwa.

Uholanzi, Uswidi na Uswisi, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara. Nafasi hutangazwa kama kazi, na unaomba kama unavyoomba kazi. Wengi wetu hatuzioni kwa sababu tunatafuta kwenye ukurasa wa ufadhili badala ya ukurasa wa ajira.

Kwa uzamili: Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, na kazi ya kujitolea inahesabika, kwa hivyo weka barua za ushahidi; ukimaliza masomo, urudi nyumbani angalau miaka miwili. Kuna Commonwealth, Fulbright ya Marekani, Erasmus Mundus ya Ulaya, DAAD ya Ujerumani. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Ada za maombi Marekani hukaribia au kupita shilingi elfu kumi kwa kila chuo. Andika kuomba usamehewe kabla hujalipa. Vyuo vingi vina utaratibu huo, wala si aibu.

Nilipata daraja la pili la chini. Nimeisha?

Bado. Uingereza watakukataa sehemu nyingi. Fanya uzamili Kenya, andika tasnifu nzuri ya mitandao, uichapishe hata kwenye jarida dogo lakini la heshima, kisha omba uzamivu ukiwa na kazi ya kuonyesha.

Nianze lini?

Ukitaka kuingia darasani Septemba, anza Agosti ya mwaka uliotangulia. Chevening hufungua dirisha lake wakati huo. Uzamivu wa Marekani hufunga zaidi Disemba. Uswidi hufunga katikati ya Januari, kwa mfumo mmoja wa nchi nzima. Kinachochelewesha watu hapa si barua wala insha, ni transkripti: jina limekosewa herufi, au kuna alama ya mwaka wa pili haijaingizwa, na ofisi inakuambia uje Jumatatu. Ifuatilie mapema. Hapo hapo omba barua inayosema ulisomeshwa kwa Kiingereza. Vyuo vingine huikubali mahali pa IELTS, mtihani wa Kiingereza, na umeokoa pesa nzuri.

Walimu watakaokupendekeza wape miezi miwili, na uwape ukurasa mmoja wa yale uliyoyafanya darasani mwao. Hawakukumbuki kama unavyodhani.

Niende kwa wakala?

La. Mawakala wengi hulipwa na vyuo vinavyotafuta wanafunzi wa kujilipia, na hivyo sivyo unavyovitaka. Hakuna wakala anayeweza kukutafutia msimamizi.

Nina mke na mtoto. Naweza kwenda nao?

Inategemea nchi. Uingereza, tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa masomo ya darasani kwa kawaida haruhusiwi kuja na familia. Wa uzamivu na wa uzamili wa utafiti anaruhusiwa. Uswidi unaweza kuwaombea kibali. Marekani mwenzako atapata viza ya kukufuata lakini kwa kawaida haimruhusu kufanya kazi, na posho moja kwa watu watatu ni kujinyima. Lizungumzeni nyumbani kabla ya kuchagua nchi, si baada ya barua ya kukubaliwa.

Nikikusanya data Mombasa, nahitaji kibali?

Ndiyo, na hapa sitafupisha. Unahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayoruhusu utafiti), idhini ya kamati ya maadili ya chuo, na kuifuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini vibali havimalizi mambo. Hojaji ya kawaida inamuuliza mtu habari zake. Hojaji ya mitandao inamuuliza habari za wengine: unamwendea nani, unakorofishana na nani, unalala na nani. Hao wengine hawakukupa ruhusa. Na ukificha majina, mchoro wenyewe unaweza kuwafichua: kijiji kizima kinajua ni nani huyo anayekopesha watu kumi na wanne.

Ndiyo maana nawakatisha tamaa wanafunzi wanaotaka kutafiti itikadi kali au dawa za kulevya Mombasa kwa sababu tu ufadhili upo. Mji huu umeona vijana wakitoweka. Orodha ya nani anajuana na nani ni kitu ambacho mtu mwenye mamlaka anaweza kuja kukuomba, kwa upole au bila upole, na wewe ni mwanafunzi tu mwenye laptopu. Kama huna jibu la "nitaiharibu lini data hii, na kabla ya hapo iko wapi?", chagua swali jingine. Samaki, mikopo, mitumba ya Kongowea, zamu za boda: mambo haya ni mazito vya kutosha na hayamfikishi mtu kituoni.

Kazi je, nikimaliza?

Tangazo la kazi halitaandika "mtaalamu wa mitandao ya kijamii" kwa maana yetu; likiandika hivyo, wanatafuta wa kuposti Instagram. Utaajiriwa kama mchambuzi wa data, mtafiti wa afya, mtathmini wa miradi. Benki na kampuni za simu hutumia mbinu hizi kunasa magenge ya ulaghai, kwa kuangalia laini zinazotumiana pesa kwa duara. Mashirika ya afya huzitumia kufuatilia maambukizi. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, ni uzamivu tu.

Naweza kuanza bila kutoka Mombasa?

Naam, leo hii. Matthew Jackson wa Stanford ana kozi ya mitandao ya kijamii na kiuchumi kwenye Coursera. Ni nzito kidogo kwenye hesabu, lakini ina kila kitu. Manchester, Kentucky na Lugano zimekuwa zikiendesha warsha fupi za kiangazi, na baadhi ya mafunzo ya namna hiyo hupatikana mtandaoni. Sunbelt, mkutano wa kila mwaka wa chama cha kimataifa cha wanamitandao, INSNA, huweka programu yake wazi: soma mada za mwaka huu, uone nani yuko na nani kwenye jopo gani.

Kama huwezi kuondoka kwa sababu ya kazi au wazazi, jisajili Pwani au TUM na umtafute msimamizi wa pili wa nje. Maprofesa wengi hukubali usimamizi wa pamoja kwa urahisi kuliko wanavyokubali mwanafunzi kamili, kwa sababu hauwagharimu pesa. Pata kwanza idhini ya chuo chako kwa maandishi, kisha ndiyo umwandikie. Ukifanya kinyume, karatasi zitakaa kwenye bodi ya masomo ya uzamili muhula mzima, na yule wa nje atakuwa keshakusahau.